Kibuyu cha Mpakani

Mtaani kwao walimwita Daktari miaka mingi kabla hajawa daktari, na kosa hilo lilikuwa la dada yake. Dada ni fundi cherehani, ana kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, na mtu akienda kupimwa nguo lazima asikie habari za mdogo wake. "Huyu anasomea udaktari," husema, pini zimejaa mdomoni, na mteja hawezi kubisha maana amenyoosha mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Basi neno likatembea. Watu wakawa wanamsimamisha njiani. Huyu kiuno, yule mtoto wake hapati usingizi, mwingine ameshapandisha suruali aonyeshe kidonda. Naye husimama, akakitazama kidonda kwa adabu zote, kisha akasema, "Mimi ni wa hesabu, mama."

"Basi si unihesabie hivi vidonge? Nimeze vingapi?"

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mvi upande mmoja tu wa kichwa, upande ule anaouegemeza mkononi akifikiri. Mke alikuwa naye, akaondoka, akasema amechoka kula na mtu ambaye hayupo mezani. Tangu hapo akarudi chumba cha nyuma kwa dada yake, yule yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Chumbani mna kitanda, meza, na rafu ya vibuyu. Vibuyu vitupu, vikavu, vya kila umbo. Asubuhi huchagua kimoja, akakitia mfukoni mwa koti au kwapani, akaenda nacho chuoni anakofundisha. Wanafunzi wake walimwita Kibuyu. Alijua, na hakukasirika. Kuna walimu wanaoitwa majina mabaya zaidi ya hilo.

Siku moja Dada alimwita kibandani. "Hebu njoo uniambie. Huko unakokwenda kila siku unafanya nini hasa? Watu wananiuliza, nami najibu udaktari, udaktari, kama kasuku."

Akaenda rafuni akaleta kibuyu chenye matumbo mawili, kubwa chini na dogo juu, na shingo katikati.

"Ndani usipafikirie," akasema. "Fikiria ngozi yake tu. Juu ya ngozi anatembea mdudu, na urefu wa njia anaujua kwa hatua zake. Mimi nina kanuni moja inayobadilisha urefu huo kidogo kidogo. Palipojikunja sana panasinyaa upesi. Palipojikunja kidogo panasinyaa taratibu. Hakuna anayekigusa kibuyu, Dada. Kipimo chenyewe ndicho kinachopungua."

"Mdudu anajua?"

"Anaona tu safari zinakuwa fupi." Akakizungusha kibuyu mkononi. "Vibuyu vyangu vya kweli havishikiki, vina upande mmoja zaidi ya hizi pande tunazoziona. Hiki ni kivuli chao. Lakini habari ni ile ile. Ukianza na mpira, unasinyaa sawasawa kote, unakuwa mpira mdogo, mdogo zaidi, mpaka unakwisha. Ukianza na kibuyu, shingo ndiyo nyembamba, kwa hiyo imejikunja sana, kwa hiyo inajibana. Ikijibana inazidi kujikunja, na ikizidi kujikunja inazidi kujibana. Mwisho inakatika. Pale inapokatika namba zinapanda bila ukomo, na kanuni inakufa. Huwezi kuiuliza kitu tena. Kazi yangu ni kujua kibuyu gani kinafika hapo, na kinafikaje."

"Vyote si vitafika?"

"Hapana. Tumbo la juu likiwa dogo sana, linawahi kusinyaa kabla shingo haijakatika. Linamezwa na lile kubwa, na kibuyu kizima kinakuwa mpira."

Dada akasokota uzi, akaulamba, akautia kwenye sindano. "Kwa hiyo mdogo ama anakatwa ama anamezwa."

"Ndiyo, Dada."

"Kama ndoa yako."

Akacheka mpaka kibuyu kikamponyoka. Siku zile alikuwa anacheka.

Alikuwa anaandika kitabu, kile ambacho mtu huandika ili apewe udaktari wa kusoma. Kilimchukua ujana wote uliobaki. Na kitabu hicho kilikuwa kinadai jambo kubwa. Wataalamu wengine, mbali huko, walikuwa wameshakutana na kibuyu cha tatu. Hicho hakikatwi wala hakimezwi. Tumbo lake la juu lina ukubwa wa kwenda sambamba kabisa na shingo, hata vyote viwili vinaisha kwa wakati mmoja, na mahali pao panabaki ncha kali kama ya mwiba. Ni kibuyu adimu. Ukikitikisa hata kidogo kinaacha utatu wake, kinaangukia huku au kule. Sasa yeye alisema hivi: vibuyu vyake mwenyewe, ambavyo alikuwa amevifunga kwa sharti alilolibuni, havina wa tatu. Ama kukatwa, ama kumezwa, basi.

Dai hilo alilithibitisha hivi. Sura ya kwanza ndefu ilionyesha kwamba kibuyu kinachokatika ukikitikisa kidogo bado kitakatika. Sura ya pili, ndefu zaidi, ilionyesha kwamba kinachomezwa ukikitikisa kidogo bado kitamezwa. Hesabu za sura hizo zilikuwa ngumu kama kutafuna kokoto, na zilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi. Kisha ukaja ukurasa mmoja wa mwisho, mwepesi, wa kupumulia: kwa kuwa kila kibuyu kimekaa imara katika kambi yake, na hakuna kinachotikisika kikatoka, basi kambi ni mbili tu na wa tatu hayupo.

Profesa wake aliusoma ukurasa ule akampigia simu saa ile ile kumpongeza. Hakuwahi kumpigia simu kabla ya hapo hata siku moja.

Aibu ilimkuta darasani, mchana, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lilikuwa somo analolifundisha kila mwaka, analijua kama njia ya kwenda chooni. Akachora mstari ubaoni. "Kila nukta ya mstari huu ipakeni rangi," akawaambia. "Nyekundu au buluu. Mwanzo kabisa ni nyekundu, mwisho kabisa ni buluu. Sharti langu ni moja. Nukta ikiwa nyekundu, majirani zake wa karibu kabisa, huku na huku, wote wawe wekundu. Ikiwa ya buluu, vivyo hivyo. Inawezekana?"

"Inawezekana!" wakaitikia. Kila mwaka huitikia hivyo.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, nikitembea kutoka huku kwenye wekundu, si nitafika mahali wekundu unaishia? Ile nukta ya mpakani ni rangi gani?"

"Ikiwa nyekundu?"

"Basi mbele yake kuna wekundu tena. Haujaishia hapo."

"Ikiwa ya buluu?"

"Basi hata nyuma yake kuna buluu. Wekundu uliishia kabla."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haina rangi."

"Haina rangi," akasema, kama anavyosema kila mwaka. "Na anayekuambia ameupaka mstari wote kwa sharti hilo, kuna nukta ameisa..."

Hakumaliza. Chaki ilibaki hewani. Nyekundu ni kukatwa, buluu ni kumezwa. Majirani wa karibu kabisa ni kule kutikisa kidogo. Na mstari ni vibuyu vyake, vilivyopangwa kuanzia chenye tumbo la juu kubwa kama mpira mpaka chenye tumbo dogo kama ndimu, bila kuruka hata kimoja. Sura zake mbili, zile ngumu, zile sahihi, zilikuwa zinashuhudia dhidi yake. Kadiri kambi zilivyokuwa imara, ndivyo kibuyu cha mpakani kilivyolazimika kuwepo. Yeye alikuwa ameapa kwa maandishi kwamba hakipo.

Akageuka ubaoni, akaandika tarehe. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Wanafunzi wakainakili mara ya pili.

Unajua, kukosea si dhambi, na kwenye kazi yao watu hukosea mchana kweupe. Kama angekosea katika zile hesabu za kokoto, angeweza kusimama na kusema jamani, kazi ilikuwa ngumu. Lakini hili ni somo la watoto wa mwaka wa kwanza. Alikuwa amelifundisha miaka yote ile, na chumbani akalikanyaga. Njiani kurudi nyumbani aliona uso unamuwaka kama aliyekaa karibu na jiko, na mtu alipomwita "Daktari!" kutoka ng'ambo ya barabara, alijifanya hasikii.

Lakini bado mlango ulikuwa wazi. Angesema siku ile, angefuta ukurasa mmoja na kubadilisha kichwa cha kitabu, mambo yakaisha. Akajipa moyo, asubuhi iliyofuata akaenda ofisini kwa Profesa.

Profesa alikuwa mama mzee, mfupi, anayetembelea fimbo, mkali hata kwa kuku. Wanafunzi walikuwa wanamwogopa mpaka wanabisha hodi kwa kucha. Siku hiyo alimkaribisha kwa kicheko, akaondoa mafaili kwenye kiti cha wageni kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaa, baba, kaa. Mbona umekonda? Wanaokaribia kuoa ndio wanaokonda hivi."

"Profesa, nilikuwa na neno dogo kuhusu ukurasa wa..."

"Ngoja kwanza. Unajua nimefundisha wangapi mimi? Wote walikuwa na akili kukuzidi, usinune, ni kweli. Mmoja yuko benki. Mwingine anauza magari. Kila mmoja alinikimbia alipoona njia rahisi. Wewe ndiye umebaki unang'ang'ana na kibuyu chako kama mjinga." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, na halikuwa vumbi alilokuwa anafuta. "Nimemwambia yule mtahini mgeni anayekuja, nikasema, huyu ni mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Haya, neno gani?"

Akatazama mikono yake.

"Nilitaka kusema asante, Profesa."

Akatoka. Pale kwenye ngazi alisimama akashika ukuta, na mfagiaji akamuuliza kama ameteleza. Akasema ndiyo.

Nyumbani, Dada alikuwa anamshonea koti. Alilishona polepole, kwa mkono sehemu nyingine, jambo ambalo hamfanyii mteja. Mtaa mzima ulikuwa umeshaalikwa kuja kula siku atakaporudi na udaktari wake. Kila alipopita kibandani alivutwa aje ajaribu bega, aje ajaribu mkono.

"Dada," akamwambia siku moja, amesimama kama sanamu, "na wakisema bado?"

"Wamwambie nani bado? Hili koti?" Akamkata uzi begani kwa meno. "Simama wima. Umeanza kujikunja kama mzee."

Siku ikafika. Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, jagi la maji, feni inayolialia, ubao uliofutwa vibaya. Upande mmoja walikaa watahini, na yule mgeni katikati, bwana mnene anayecheka kwa mabega. Profesa alikaa pembeni na fimbo yake. Wachache walikuja kusikiliza. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Dada, mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja, kama mtu aliyepanda gari la watu akiogopa kulichafua.

Akaeleza. Alieleza vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Mdomo ulikwenda wenyewe. Mgeni akamuuliza swali gumu la sura ya kwanza, akalijibu. Akamuuliza la sura ya pili, la mtego, akalitegua. Watu wakatazamana. Kila alipojibu sawa alizidi kuoza ndani, maana alijua wakimwamini kwa haya watapita bila kukagua lile la mwisho.

"Ukurasa wa mwisho sina swali," akasema mgeni akifunga kitabu. "Baada ya milima ile nilikuwa nateremka tu, nilikuwa nashukuru Mungu."

Mabega yakacheka. Hapo Profesa akagonga fimbo sakafuni.

"Mimi ninalo moja. Wapo humu ambao hawajakisoma. Waambie kwa mdomo wako. Kwa vibuyu vyako, wa tatu yupo?"

Alikuwa anampa zawadi. Alitaka kuisikia sentensi ile ikitamkwa mbele za watu, angali hai. Alimtazama kama mama anayemtazama mtoto anayetembea mara ya kwanza, mikono iko tayari.

"Hayupo," akasema.

Dada akapiga makofi peke yake, akastuka, akaficha mikono chini ya mkoba.

Wakamwambia atoke wajadiliane. Kwenye korido kulikuwa na benchi. Dada akamfuata, akakaa karibu naye, akamtoa kijiuzi kwenye kola. "Umeongea kama maji," akanong'ona. "Sikuelewa hata kimoja, lakini yule mnene alikuwa anaitikia kwa kichwa, niliona."

"Nimesema uongo, Dada."

"Uongo gani? Hesabu ina uongo?"

Akamwambia. Aliyasema haraka haraka, akitazama sakafu: kwamba wa tatu yupo, kwamba alijua tangu lile somo la darasani, kwamba alikwenda ofisini akaishia kushukuru, na sasa hivi ameulizwa waziwazi akasema hayupo.

Kutoka ndani walisikia kicheko cha yule mgeni.

"Wao wameona?" akauliza Dada.

"Hawajaona."

"Kuna mtu atakufa kwa sababu ya kibuyu hicho? Kuna daraja litaanguka?"

"Hapana. Hakuna."

"Basi nyamaza." Alisema bila kumtazama. "Nyamaza tu. Utakirekebisha mwakani, polepole, nani atajua. Nimewaambia watu. Nimewaambia mpaka watu ninaogombana nao."

Hapo ndipo aibu ilipomshuka mpaka miguuni. Huyu ndiye aliyemrudisha dukani utotoni, amemshika sikio, arudishe peremende moja aliyopewa zaidi kwa bahati mbaya. Mikono ile ile ilikuwa imeshika mkoba kwa nguvu, vidole vimekauka. Alikuwa hana la kumlaumu. Yeye ndiye aliyembebesha mzigo huo, akamwekea pale kwenye benchi ili aubebe mwingine, na dada yake, kama kawaida yake, ameubeba.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu ndani," akasema karani, na alikuwa anatabasamu.

Aliingia, na hakungoja aambiwe kaa. Mgeni alikuwa ameshanyanyuka na mkono ameunyoosha.

"Samahani, mzee. Usinipe mkono bado." Akaenda ubaoni, akachora mstari, huku mwanzo nyekundu, huku mwisho buluu. Hakuwa na chaki za rangi, akaandika herufi. "Ukurasa wa mwisho si kweli," akasema, na akawaeleza lile somo la mwaka wa kwanza, neno kwa neno, kama anavyolifundisha. Halikuchukua muda. Alipofika kwenye nukta ya mpakani, mgeni alikuwa ameshafungua kitabu tena na amejishika kichwa.

"Nimepita hapa," akasema mgeni, kama anayeongea peke yake. "Nimepita hapa nikiwa nateremka." Masikio yake yalikuwa mekundu. Kumbe aibu ilikuwa inatosha kugawana.

Profesa hakutazama ubao.

"Tangu lini?" akauliza.

Alikuwa ameomba asiulizwe hilo.

"Profesa..."

"Nimekuuliza tangu lini unajua."

"Kabla sijaja ofisini kwako."

"Siku uliyokuja kunishukuru."

"Ndiyo."

Feni ililialia. Profesa akaokota fimbo yake, akainuka kwa taabu, na mtu alipotaka kumsaidia akamsukuma mkono. "Sura mbili ni nzuri," akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kusoma majina. "Toa ukurasa. Toa na kichwa cha kitabu. Huyo wa mpakani umtafute, umweleze alivyo, maana sasa umeshathibitisha yupo. Utarudi muhula mwingine ukae hapo hapo tena. Watahini mnakubali?" Wakakubali. Akafika mlangoni, akasimama, bado amewapa mgongo. "Kosa lako nitalisamehe hata kesho, ni kosa la mtu anayefanya kazi. Lile la kwenye kiti changu, sijui. Niache kwanza."

Fimbo yake ilisikika koridoni mpaka mwisho wa jengo.

Dada alikuwa amesikia kila neno, mlango ulibaki wazi. Wakarudi kwa miguu, yeye mbele na mdogo wake nyuma, koti amelivua na kulikunja mkononi. Walipokaribia nyumbani Dada alipunguza mwendo mpaka wakawa sawa.

"Nilichokwambia pale kwenye benchi," akasema, "usimwambie mtu."

"Sitasema."

"Hata ukigombana na mimi."

"Hata nikigombana na wewe, Dada."

Uani palikuwa pamejaa viti. Viti vya kila rangi na kila ukoo, vya plastiki, vya mbao, vigoda, na kimoja cha kinyozi kinachozunguka. Vyote vya kuazima. Wageni walikuwa bado hawajafika, masufuria yalikuwa jikoni. Dada akasimama katikati ya viti, akatazama huku na huku, halafu akajifunga kanga kiunoni. "Chakula nitawapelekea majumbani, hakina kosa. Hivi virudishe wewe," akasema. "Mmoja mmoja. Usimtume mtoto."

Akachukua kiti cha kwanza, akaenda nyumba ya karibu, kwa Mama Pacha. Mlango ukafunguliwa na pacha wote wawili.

"Daktari! Mbona unaleta kiti na mimi ndiyo navaa nije?" akapaza sauti Mama Pacha kutoka ndani.

"Imeahirishwa," akasema. "Mpaka muhula mwingine."

"Ah, hao wakubwa! Kila kitu njoo kesho. Pole, baba."

"Asante."

Akaenda kwa muuza mkaa na vigoda viwili, akasema imeahirishwa. Muuza mkaa akawatukana wakubwa. Akaenda kwa fundi wa redio, akasema imeahirishwa, na fundi naye akawatukana. Lilikuwa neno zuri lile, halikuwa hata uongo. Lilimpitisha kila mlango bila kuinama, na kila mlango mtu mwingine alitukanwa badala yake.

Kiti cha kinyozi kilikuwa kizito. Alikibeba kichwani, kikawa kinamzunguka juu kwa juu, na watoto wakamfuata wakicheka. Kinyozi alikuwa ananyoa mtu. Akazima mashine.

"Vipi, umepata?"

Akakitua kiti, akahema. Akafungua mdomo kusema lile neno, akajiona kwenye kioo, na nyuma yake watu wawili wakingoja zamu, wote wanamtazama kwenye kioo hicho hicho.

"Sikupata," akasema. "Nilikosea. Na nilijua nimekosea, nikawaambia nimepatia."

Kinyozi akakuna kidevu. "Mimi nimeuliza la kwanza tu. Hilo la pili unaniambia la nini?"

"Sijui. Ndilo lenyewe."

"Haya," akasema kinyozi. "Sogeza kiti pale, kinaziba njia." Akawasha mashine tena. Yule aliyekuwa ananyolewa akamwangalia kidogo, halafu akafumba macho, maana nywele zilikuwa zinaanguka.

Akatoka nje. Viti vilikuwa vimebaki vingi uani. Alisimama njiani, uso unamchoma, akitazama upande wa viti na upande wa nyumba alizokwisha kupita. Kisha akaenda mikono mitupu mpaka kwa Mama Pacha, akabisha hodi.

Mama Pacha akatoa kichwa, kitambaa kipya bado hajakivua. "Umerudi? Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," akasema. "Nilikuambia nusu."